Kona Haimo Kwenye Bei

Nyumba yangu ya Nangara, hapa Babati, niliitangaza kwa milioni arobaini na tano, na kila mwenye akili timamu alijua haifiki. Hata mimi nilijua. Nimesoma mpaka darasa la saba, hesabu za kujumlisha hazinipigi chenga. Ina vyumba vitatu na sebule, matofali ya kuchoma, bati lililoanza kutu upande wa mvua, choo cha nje, na maji ya bomba yanayokuja yanapojisikia. Marehemu mume wangu Fabiani aliijenga kwa mikono yake, chumba kimoja kimoja, miaka tisa, na ndiyo maana hakuna mlango unaolingana na mwenzake.

Basi hizo arobaini na tano zilitoka wapi? Nasema mapema usije ukadhani ni tamaa. Kwenye kona ya kiwanja, pale penye shina la mchaichai, amelala mwanangu wa kwanza. Anaitwa Antonia. Alikuwa na miezi saba. Na mpaka mwaka huu hapakuwa na mtu hai aliyejua isipokuwa mimi.

Mimi na Fabiani tulishuka kutoka milima ya Mbulu tukiwa hatuna hata kuku. Nangara wakati huo ilikuwa mashamba na vichaka, na mbu wa ziwani walikuwa wamenenepa kuliko sisi. Mtoto alishikwa homa Jumatatu, Alhamisi akaondoka. Sasa, kwa wazee wetu, mwanamke aliyefiwa na mtoto anayenyonya alitengwa. Hapewi mkono, hachoti maji na wenzake, haingii nyumbani kwa mtu wala mtu haingii kwake, mpaka muda mrefu upite. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mgeni, na majirani zangu karibu wote walikuwa watu wa kwetu, waliojua desturi. Fabiani aliniangalia nilivyokaa, akasema, "Wakijua, na wewe utakufa, kwa upweke." Alfajiri tukamzika nyuma kabisa ya kiwanja, mbali na njia, bila msalaba. Majirani tukawaambia tumempeleka kwa bibi yake. Baadaye tukasema bibi amekataa kumrudisha. Baadaye tena watu wakaacha kuuliza.

Uongo mdogo mdogo nimeusema mwingi maishani, na mwingine umenifurahisha sana. Huo haukuwahi kunichekesha.

Nilipanda mchaichai juu yake ili nipate sababu ya kwenda pale na maji. Jirani akija kuomba majani ya chai, nilimwambia huu wangu una ugonjwa, unaharisha. Wakasema nina choyo. Sawa, choyo.

Kilichotushinda kukijua ni kimoja. Fabiani alikufa, nikamzika makaburi ya kanisa, na miaka michache baadaye wakaja wapima viwanja. Barabara ya mtaa ikapasuliwa, ikapita nyuma ya nyumba. Nyuma ikawa mbele. Kona tuliyoichagua kwa sababu mguu wa mtu usingefika pale, leo bajaji zinageuzia hapo, zimejaa magunia ya vitunguu.

Mwaka huu, mwezi wa pili, nilianguka nikianua mahindi. Nyonga ikagoma. Nililala pale uani kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi, nikiwaangalia kuku wangu wanakula mahindi bila kunisaidia. Binti yangu Irine, mwalimu, anakaa Singe, alikuja akanikuta hospitali, majirani walikonipeleka. Hakulia. Alinisubiri nimalize kutania manesi, ndipo akasema:

"Mama, hukai tena peke yako. Tunauza."

Nyumba yake huko Singe imesimama kwenye lenta mwaka wa tatu. Fedha ya nyumba yangu ingeiezeka na kunipa chumba. Hapakuwa na njia nyingine. Ningesema nini? Kwamba siwezi kumwacha dada yako? Ningeanzia wapi, na mtu aliyekua miaka yote akijijua ni mtoto wa kwanza? Na kumhamisha yule mdogo nako ni kuhamisha nini, baada ya miaka arobaini na zaidi? Pale pamebaki udongo, na udongo wenyewe ndio yeye.

Nikasema, "Haya, tuuze."

Dalali akaja. Anaitwa Wiliam, kijana wa mjini, viatu vimechongoka mbele kama mdomo wa bata. Akazunguka nyumba akihesabu hatua.

"Shikamoo bibi. Nyumba yenyewe, tusidanganyane, ni ya kizamani."

"Marahaba. Na mwenyewe ni wa kizamani. Sema bei."

"Nyumba na uwanja, thelathini. Ila hiyo kona, bibi!" Akaenda mpaka kwenye mchaichai, akafungua mikono kama padre. "Hapa zinakaa fremu tatu za maduka. Hii kona peke yake inabeba milioni nane. Tangaza thelathini na nane, wakuteremshe mpaka thelathini na tano, kila mtu alale vizuri."

"Weka arobaini na tano."

"Bibi!"

"Hiyo kona ina thamani kubwa kuliko unavyoiona."

Akacheka, akanipigia saluti. Alidhani amekutana na mfanyabiashara. Irine aliyekuwa mlangoni akanikazia macho.

Nilidhani bei kubwa ni uzio. Mtu ataiona, itamchoma, atarudi alikotoka. Irine ataona ninauza, na nyumba haitauzika, na kila nitakapoamka nitapeleka maji yangu kwenye kona. Hivyo ndivyo nilivyopanga, na kwa miezi mitatu mambo yakaenda nilivyotaka.

Wa kwanza alikuwa bwana mmoja kutoka Arusha, mwenye kalamu sikioni na miwani juu ya kichwa. Akatazama dari, akagonga ukuta kama anabisha hodi.

"Mama, mwisho ngapi?"

"Mwisho wa nini, baba? Wa dunia?"

"Wa bei, mama."

"Wa bei ni arobaini na tano."

Akatoka nje, akafika kwenye kona, akauchokoa udongo kwa ncha ya kiatu. "Hapa pazuri," akasema.

"Hamsini," nikasema.

Wiliam akanivuta pembeni. "Bibi, bei haipandi mteja akiwa ndani! Inashuka! Hii ni Babati au ni mnada wa madini?"

"Amekanyaga kona."

"Kwani kona ni keki?"

Yule bwana akaondoka na kalamu yake. Wa pili alikuwa mwanajeshi mstaafu na mkewe. Mke aliisifu ile kona mara mbili, nikapanda mara mbili. Wa tatu hakushuka hata kwenye pikipiki. Mtaani wakaanza kusema Mama Irine amechanganyikiwa na ile ajali. Irine akaja Jumapili baada ya misa, akakaa kwenye kiti cha baba yake.

"Mama, kama hutaki kuja kwangu, niambie."

"Nani kasema sitaki?"

"Bei yako ndiyo inasema."

Nikamwekea chai. Hakuinywa, akaenda zake, na nikaona mgongo wake umeinama kama wa mtu mzima kuliko mimi. Siku hiyo nilijua uzio wangu unamchoma mtoto niliyebaki naye. Nikampigia Wiliam, nikamwambia arudishe arobaini na tano na ibaki hapohapo. Nilijiona nimelegeza sana.

Jumatano akaja Hadija, Mama Feisal, mwenye duka la vitenge pale sokoni. Nilimjua kwa sura, yeye akanijua kwa sifa. Hakutazama dari. Hakugonga ukuta. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye kona, akasimama, akatazama barabara upande huu na upande ule.

"Shikamoo mama. Ni arobaini na tano?"

"Marahaba mwanangu. Arobaini na tano, na mwisho wake ni huohuo."

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa, nalipa. Kona kama hii nimeitafuta miaka miwili. Fremu tatu hapa mbele. Na hapa," akaonyesha mchaichai kwa kidole, "nachimba karo la vyoo vya wapangaji."

Nimebishana na watu wa mnadani, wauza samaki, makarani, na paroko wawili. Sijawahi kushindwa na neno moja. Wiliam alikuwa tayari kwenye simu akimweleza mtu habari ya cha juu chake, fungu la dalali. Irine alipopata taarifa alilia kwa furaha nikaisikia simu yangu inalia naye. Mimi nikasimama uani na fimbo yangu. Bei niliyoiweka imfukuze mtu ndiyo iliyomleta, na mimi ndiye niliyeitamka.

Jumamosi tukakutana sebuleni kwangu. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Sylvesta, alikuja na karatasi zake na kidau cha wino wa dole gumba, ingawa nilimwambia naweza kuandika jina langu bila kujipaka. Hadija alikuja na mfuko mweusi wa mkononi. Irine alikaa karibu yangu. Wiliam alisimama, furaha haikumruhusu kukaa. Mzee Sylvesta akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kusomea matangazo:

"Mimi Genoveva, mjane wa marehemu Fabiani, mkazi wa mtaa huu, kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, nimemuuzia ndugu Hadija nyumba na kiwanja hiki pamoja na vyote vilivyomo juu yake na chini yake..."

"Hapohapo, mzee," nikasema.

"Nini?"

"Hapo kwenye chini yake. Chini kuna mtu."

Mzee Sylvesta akatazama chini ya meza.

Hakuna aliyecheka, nami sikutaka wacheke. Nikawaeleza. Nilianza na homa ya Jumatatu, nikamaliza na mchaichai. Nilieleza nikimwangalia Hadija, kwa sababu kumwangalia Irine nilishindwa. Nilipomaliza, nje bajaji ilikuwa inageuza kwenye kona, ikipiga honi, na sote tukaisikia.

Hadija ndiye aliyesema kwanza. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Na hiyo milioni saba ya juu?"

"Ilikuwa ya kukufukuza."

"Haikunifukuza."

"Niliona, mwanangu."

"Kwa hiyo ungenyamaza, mimi ningechimba karo la choo juu ya mtoto." Akasimama. "Mama, sisi kaburi hatulikalii wala hatulijengei. Nami ningeulizwa siku moja. Ningejibu kwamba nililipia?"

Mtu aliyewahi kunisema mbele za watu na nikakosa jibu alikuwa mama yangu tu. Hadija akauchukua mfuko wake, akatoka. Mzee Sylvesta akakunja karatasi, akanipa pole kwa mkono, mkono wa kulia juu ya wangu, zile pole nilizozikosa miaka arobaini na zaidi. Wiliam akatoka akiwa hajui kama alie kwa ajili yangu au kwa ajili ya cha juu.

Tukabaki mimi na Irine.

"Kila mahali," akasema, "kila fomu niliyojaza, nimeandika mimi ni mtoto wa kwanza."

Mzaha ulinijia mpaka kwenye ulimi, nikaumeza. "Nisamehe," nikasema. Neno hilo silitumii sana, likatoka limepinda.

"Baba naye alikuwa anajua? Alinibeba mabegani akinionyesha ndege pale pale kwenye kona, na alikuwa anajua?"

"Ndiyo maana alikuwa anakupeleka pale. Ili muwe wawili."

Hilo nilikuwa sijawahi kulisema hata moyoni. Irine akaenda nje. Kupitia dirishani nikamwona amechuchumaa kwenye kona na nguo zake za kikao, anang'oa magugu moja moja. Hakuniaga alipoondoka. Jumapili hakuja. Jumatatu alipiga simu, akauliza kitu kimoja tu: "Bila kona, ni ngapi?"

"Wiliam alisema thelathini."

"Basi hiyo ndiyo bei. Mpigie umwambie. Na kila mteja aambiwe sababu."

Wiliam nilipompigia alipumua mpaka simu ikapata joto. "Bibi, kona haimo, na kaburi liko pale pale barabarani, halafu thelathini? Watu wanaogopa makaburi."

"Mimi nimelala nalo miaka yote hii na sijaumwa ila nyonga. Waambie kona haimo kwenye bei."

Alhamisi saa nne, nikiwa nachambua maharage barazani, Hadija akasimama mlangoni. Peke yake, bila dalali. Nikamwekea kigoda. Akakaa, akaokota jiwe dogo kwenye maharage yangu, akalitupa nje.

"Aliitwa nani?"

"Antonia."

"Mimi nilifiwa na wa tatu. Rahma. Alikuwa na siku nne." Akatupa jiwe la pili. "Haya, mama. Ishirini na tano."

"Ishirini na tano nini?"

"Nyumba. Kona ibaki yako."

Nikaweka ungo chini. "Umekuja kunipa pole au kuninyonga?"

"Pole nimekupa. Sasa fremu tatu zimekuwa moja."

"Mbili! Upande wa lango zinakaa mbili, pima hata kwa kanga yako."

"Na bati limeoza."

"Lina kutu, halijaoza. Mimi ndiye nimeoza, na bado natembea."

"Milango haifungi."

"Mlango wa chumbani unafunga ukiuinua. Fabiani aliufanya hivyo kwa makusudi, ili nisitoke haraka nikikasirika."

Akacheka, mara ya kwanza. Mimi pia. Tukaenda hivyo mpaka chai ikapoa: choo, bomba, sakafu ya jikoni, ufa ulio nyuma ya kabati niliodhani hajauona. Yule mwanamke aliniminya kweli. Nami nilijisikia vizuri kuliko siku alipokubali kila kitu. Siku ile alikuwa ananunua kimya kimya kitu ambacho hakiuziki. Leo tulikuwa tunabishania bati na milango, vitu vya watu wanaohama na wanaohamia. Tukafika ishirini na nane. Akanipa mkono, nikaushika, nikamwambia ametoa kidogo na anajua. Akasema anajua.

Ishirini na nane zinaezeka nyumba ya Irine. Chumba changu kitangoja sakafu.

Tukakusanyika tena Jumamosi iliyofuata, watu walewale. Irine alikuja. Alinisalimia, akakaa upande wa pili wa meza, siyo karibu yangu. Mzee Sylvesta akasoma karatasi mpya, akafika kwenye vyote vilivyomo juu yake na chini yake, akaongeza kwa sauti kubwa, "isipokuwa sehemu ya kona alipozikwa marehemu Antonia Fabiani, ambayo haitajengwa wala kuchimbwa, na ndugu zake watakuwa na njia ya kuifikia." Lile jina lilikuwa halijawahi kusomwa na mtu kwenye karatasi yoyote. Irine akainua uso.

"Lazima niandike vipimo," Mzee Sylvesta akasema. "Serikali haijui 'sehemu'. Twendeni nje."

Tukatoka. Wiliam alikuwa na futi ya fundi mfukoni. Akachuchumaa kando ya mchaichai, akaniangalia.

"Bibi, urefu?"

Nilisahau tarehe nyingi, nimesahau hata sura ya mtu aliyetuuzia kiwanja. Lakini mikono yangu ilijifungua yenyewe, ikasimama pale ilipotakiwa kusimama. Wiliam akaivuta futi kutoka kiganja hiki mpaka kile, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha.

"Futi mbili na nusu," akasema.

Mzee Sylvesta akaegemeza karatasi kwenye goti aandike.

"Ongeza, mzee," nikasema. "Miaka yote hii, atakuwa amekua."

Hadija akajifunika mdomo na mtandio. Wiliam akabaki na futi imening'inia mkononi, na Mzee Sylvesta akaniangalia ajue kama natania, na kweli nilikuwa natania, na sikuwa natania. Ndipo Irine alipotoka alikosimama, akapita mbele ya watu wote, akaja akanishika kwapani upande wa nyonga mbovu.

"Andika futi sita, mzee," akasema. "Sisi watoto wa mama huyu wote ni warefu."